Jina la Kaka Kwenye Faili la Makosa

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha kwenye korido ya hospitali ya macho, barua ya onyo mkononi, na mbele yangu amekaa fundi cherehani mmoja mwenye bandeji kwenye jicho la kulia. Aliyenikosa asihangaike kutafuta gazeti la zamani, nitamweleza kwa ufupi.

Mimi ndiye ninayetunza tovuti ya hospitali ile. Mgonjwa anaingia kwa simu yake, anaandika jina na tatizo lake, anachagua siku, anabofya, anapangiwa daktari. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba akibofya, kitu kinatokea.

Yule mama alibofya mara tatu, wiki tatu mfululizo, tarehe tatu, kumi na kumi na saba. Mara zote tovuti ilimjibu: "Asante, ombi lako limepokelewa." Mara zote alifika dirishani akaambiwa jina lake halimo. Alikuwa na presha ya macho, na ugonjwa ule hausubiri foleni. Siku muuguzi mmoja alipomwonea huruma akampitisha bila miadi, jicho lilikuwa limeshakufa.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nifuateni.

"Wewe ndiye wa kompyuta?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi natunga uzi kwenye sindano mwaka wa ishirini na sita huu. Jana nimejaribu. Nimetunga hewa."

Nikainamia barua yangu.

"Hiyo kompyuta yenu ilinishukuru mara tatu," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Nilitaka tu kujua, ilikuwa inanishukuru kwa lipi?"

Afadhali angenitukana.

Nikageuka niondoke, akanivuta shati.

"Na yule dada aliyenipigia simu, alijuaje kama naumwa jicho?"

"Dada gani?"

"Wa kliniki nyingine. Alipiga siku ile ile niliyojiandikisha kwenu. Ananiita kwa jina, anajua ni jicho lipi. Ananiambia kwenu foleni ni ndefu, niende kwao. Sauti tamu, mwanangu, kama ya mtangazaji. Sikwenda. Mimi nimezoea hapa."

Kabla sijauliza zaidi, karani alikuja mbio. Mganga mkuu ananiita.

Mganga mkuu hakunikaribisha kiti.

"Mtambo wako umempofusha mtu."

"Daktari, kila asubuhi naujaribu. Unafunguka vizuri kabisa."

"Mlango kufunguka siyo kazi. Kazi ni mtu kuingia." Akavua miwani. "Kesho saa sita mchana bodi inakaa. Niletee sababu iliyoandikwa, au niletee barua ya kuacha kazi. Ukikosa vyote viwili, polisi watakuja kuitafuta sababu wenyewe."

Nikaenda kujifungia chumbani kwangu. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mashuka, na hadi leo kinanuka sabuni.

Ndugu zangu, hapa lazima niungame.

Kila seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ina faili ambamo huandika makosa yake. Mgonjwa akibofya na kitu kikakwama, mgonjwa haambiwi. Seva inaandika kule ndani: tarehe, saa, jina la mgonjwa, faili lililokwama, mstari wa ngapi, kwa sababu gani. Ni kama mlinzi wa lango mwenye daftari. Anaandika kila anachokiona, ila hapigi kelele. Anangoja aulizwe.

Mimi sikumwuliza kwa siku arobaini na moja.

Sina kisingizio. Tovuti ilikuwa inafunguka, mshahara unaingia, nyumbani nina mapacha wa miaka mitatu wasiojua maana ya kulala. Nani hufungua daftari la malalamiko nyumba ikiwa kimya?

Basi siku ile nikaingia kwenye seva. Nikaenda kwenye folda ya kumbukumbu, ile iitwayo var/log, nikafungua folda ya tovuti, nikalikuta faili la makosa mahali pake. Nikatazama ukubwa wake.

Sifuri.

Lilikuwa tupu. Hapakuwa na kosa hata moja.

Kwanza nilifurahi kama mjinga. Nikajiambia, basi si mimi, seva yangu haina kosa! Halafu nywele zikanisimama. Seva isiyo na kosa hata moja kwa siku arobaini ni kama mtoto mchanga asiyelia. Ukimwona hivyo humsifu, unamkimbiza kwa daktari.

Nikafungua faili la mipangilio. Humo mna mstari mmoja unaoiambia seva makosa yake ikaandike wapi. Mstari ule ulikuwa umebadilishwa. Mtu alikuwa ameielekeza seva ikaandike kwenye folda nyingine, kule ndani kabisa kwenye picha za zamani za tovuti, katika faili lililopewa jina "picha za sherehe".

Nikalifungua. Lilichelewa kufunguka, jinsi lilivyokuwa limenenepa.

Mistari mia nne na kumi na miwili. Seva huandika Kiingereza cha mkato, ila kwa lugha yetu yote ilikuwa inalia kilio kimoja: *Nimeshindwa kuandika miadi. Faili limeshikwa na mwingine. Mstari wa themanini na nane.*

Nikatafuta tarehe alizonitajia fundi cherehani. Tarehe tatu, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Yumo. Tarehe kumi, yumo. Tarehe kumi na saba, yumo. Mara tatu alizoshukuriwa ndizo mara tatu alizotupwa.

Ndipo nilipoelewa kwamba ile si mistari. Ni watu. Mara mia nne na kumi na mbili mtu alibofya akaaminishwa amepokelewa.

Lakini faili limeshikwa na mwingine. Mwingine nani?

Nikamfuata. Haikunichukua nusu saa. Nilikuta kijiprogramu kimepachikwa pembeni, kidogo tu, cha mistari thelathini. Kazi yake ilikuwa kufungua orodha ya maombi ya wagonjwa kila mara, kuchukua majina, simu na magonjwa yao, na kuyapeleka nje. Kikishaifungua orodha kilikuwa kinaing'ang'ania. Na kikiing'ang'ania, ombi haliwezi kuhamishwa kwenye miadi.

Kumbe tovuti haikuwa mbovu. Ilikuwa inaibiwa, na mwizi alikuwa ameziba mlango kwa mgongo wake.

Lilikuwa limebaki faili moja tu, la wanaoingia. Kila anayeingia kwenye seva huacha jina la akaunti yake, saa, alichokifanya, na namba ya mtandao aliotokea, kama gari linavyobeba namba yake nyuma. Nikatafuta siku ile mstari wa mipangilio ulipobadilishwa. Namba ilikuwa ya mtandao wa simu, zile zinazobadilika kila siku, haikunisaidia kitu.

Lakini jina lilikuwepo.

Nikalisoma. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi, nikalisoma tena.

Lilikuwa jina la kaka yangu.

Wapya hamumjui. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Kaka ndiye aliyeacha shule ili mimi niende. Yeye ndiye aliyejifunza kompyuta kwa kuziokota zilizoharibika, akazifungua mezani, akanifundisha mimi. Mfumo ule wa hospitali aliujenga yeye kwa mikono yake, miaka minane iliyopita. Halafu akakosana na mganga mkuu, maneno yakawa makali, akatoka. Kiti chake wakanipa mimi.

Siku ile aliniambia, "Kaa, Kitinda. Kiti kikibaki ukooni, hakijapotea." Mimi ni kitinda mimba, ndiyo maana ananiita hivyo.

Na akaunti yake nilipaswa kuifunga siku aliyotoka. Hilo ni ungamo la pili. Sikuifunga. Kila nikitaka kulifuta jina lake niliona kama namzika.

Sasa jina lile lile limekaa kwenye skrini, mara kumi na tisa, mara kumi na tisa ameingia kunichimbia kaburi.

Nikampigia mke wangu, siku ile alikuwa nyumbani na watoto. Mtu akiumizwa hukimbilia kwake.

"Mama Pacha, nimempata."

"Nani?"

"Aliyeharibu. Ni kaka."

Akashusha pumzi.

"Sikutaka kusema, Baba Pacha. Lakini kaka yako hajawahi kukusamehe kile kiti. Anacheka na wewe, moyoni ana lake. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sijui nifanyeje."

"Hujui? Una watoto wawili! Utakwenda jela kwa ajili ya wivu wa mtu mzima? Peleka jina sasa hivi. Usimpigie kwanza, atakubembeleza nawe utalainika. Umeshampa mganga mkuu hilo faili?"

"Bado."

"Na hicho kijiprogramu bado kipo?"

"Kipo. Sijakigusa, ni ushahidi. Nitawakabidhi kesho kilivyo."

"Basi mpelekee jina," akasema. "Upesi."

Sauti yake ilikuwa laini. Ilinituliza. Namshukuru Mungu nimeoa, niliwaza.

Nikachapisha ile mistari yote. Nikachora mstari mwekundu chini ya jina la kaka kila lilipotokea, mara kumi na tisa, na kila nikichora mkono ulikuwa mwepesi zaidi. Nikampelekea mganga mkuu.

Akasoma karatasi ya kwanza, akaniangalia juu ya miwani.

"Huyu si ndugu yako?"

"Ni kaka yangu, tumbo moja."

"Una uhakika?"

"Seva haina ndugu, daktari."

Niliona nimesema neno la kiume. Leo nikilikumbuka nataka kujificha.

Akasukuma kalamu upande wangu. "Niandikie anapoishi."

Nikaandika. Mtaa, nyumba, rangi ya geti. Nikaongeza hata kwamba kengele haifanyi kazi, wagonge.

Mke wangu alikuwa ameniambia nisimpigie. Sikumpigia. Nilikwenda. Nilitaka kumwona usoni kabla polisi hawajafika, nimuulize swali moja tu.

Kaka anatengeneza televisheni sebuleni kwake. Kuna viti viwili vya kukalia, vilivyobaki vyote vimekaliwa na televisheni zilizopasuliwa matumbo. Mama yetu anakaa kwake. Nilimkuta anakunja nguo, kaka yuko kwenye stuli, amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, inachajiwa.

"Kitinda! Leo mapema? Ingia, chai ipo."

"Sikuja kunywa chai."

Mama akaacha kukunja. Mama yetu husikia ugomvi kabla haujafika, kama wengine wanavyosikia harufu ya mvua.

Nikafungua kompyuta yangu juu ya televisheni moja, nikaiunga kwenye mtandao kwa simu, nikaingia kwenye seva. Nikalifungua lile faili la wanaoingia kwa namna ya kulifuatilia, yaani kila mstari mpya ukiandikwa unajitokeza wenyewe chini.

"Soma," nikamwambia.

Akainama akasoma. Akasoma polepole, midomo ikicheza, kama alivyonifundisha kusoma mimi. Alipofika kwenye jina lake mara ya kwanza, hakushtuka. Alifumba macho tu.

Ndipo nikajua. Au nikadhani nimejua.

"Kumbe unajua!" nikapiga kelele. "Unajua kaka! Mama wa watu kapoteza jicho, fundi cherehani, kaka! Unajua!"

"Jicho?" Akafumbua macho. "Jicho gani?"

Nikamweleza. Chai ikammwagikia gotini, wala hakuhisi.

"Sikujua kuhusu jicho," akasema.

"Lakini hili lingine ulilijua."

Akainamia kikombe.

"Ulinionea wivu. Walipokutoa ukaapa nami nitoke. Miaka yote unaniita Kitinda, Kitinda, kumbe unaninolea kisu!"

"Mwanangu, kaka yako unamwambia hivyo?" Mama alisimama, shati la mtu mikononi.

"Muulize yeye, Mama. Jina lake hili hapa."

Kaka akaweka kikombe chini taratibu.

"Hicho kijiprogramu umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Umeuona mkono wangu?"

Nikakwama.

Kwa sababu, nisiwafiche, sikuuona. Kile kijiprogramu kiliandikwa ovyo. Kilifungua orodha, hakikuifunga. Kosa la mwanafunzi. Kaka alinifundisha kufunga kabla hajanifundisha kufungua. Alikuwa akinipiga kofi la kisogo kila nikisahau.

"Labda uliandika kwa haraka," nikasema.

"Kwa haraka," akarudia, akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kofi. "Sawa."

"Basi nani? Nani mwingine ana nenosiri lako?"

Akatazama dirishani. Akamtazama Mama. Mimi hakunitazama.

"Niache, Kitinda. Wewe chukua jibu ulilokuja nalo."

"Nani!"

"Nimesema niache."

Mama akanishika mkono. Mkono wa Mama umekuwa mwepesi siku hizi, kama wa ndege.

"Mwanangu, hilo faili haliwezi kufutika?"

"Linaweza."

"Basi lifute. Futa, tukae sisi wenyewe, watu wa tumbo moja, tuulizane. Yule mama mwenye jicho twende tukampigie magoti, mimi nitatangulia. Lakini lifute kwanza."

"Nimeshalipeleka, Mama."

"Wapi?"

"Kwa mganga mkuu. Na jina. Na nyumba hii ilipo." Nikatazama mlango. "Polisi wako njiani."

Mama hakulia. Alikaa chini, palepale juu ya nguo alizozikunja.

"Kabla hujaja kumuuliza?" akasema. "Ulimchongea kwanza, halafu ukaja kumuuliza?"

Hilo ndilo ungamo la tatu, na ndilo zito.

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na majibu mengi, watoto wangu, kazi yangu, jela. Lakini jicho langu likavutwa na kitu kwenye skrini.

Mstari mpya ulikuwa umejitokeza chini.

Halafu wa pili.

Mtu alikuwa anaingia kwenye seva. Wakati ule ule, mchana ule ule, kwa akaunti ya kaka.

Nikamgeukia. Amekaa kwenye stuli. Mikono mitupu juu ya magoti. Simu iko juu ya kabati. Kompyuta hana, aliyokuwa nayo aliifungua vipuri mwaka jana.

"Kaka," nikasema, na sauti yangu sikuitambua. "Umeingia."

"Nimeingia wapi?"

Mstari wa tatu. Huyo mtu alikuwa amefika kwenye folda ya kile kijiprogramu. Alikuwa anafuta. Anafuta na kufuta, haraka haraka, kama mtu anayefagia vioo vilivyovunjika kabla mwenye nyumba hajarudi.

Nikaangalia namba ya mtandao.

Haikuwa ya simu. Safari hii aliyeingia hakuwa na muda wa kujificha. Ilikuwa namba ya kudumu, na sikuhitaji kuitafuta popote, kwa sababu niliiomba mwenyewe kwa watu wa mtandao mwaka juzi, wanipe namba moja isiyobadilika ili niweze kufanyia kazi nyumbani. Naiandika kila wiki. Naijua kama tarehe ya kuzaliwa ya wanangu.

Ilikuwa namba ya nyumbani kwangu.

Nyumbani kwangu wakati ule palikuwa na watu watatu. Wawili wana miaka mitatu.

Wasomaji wangu, kuna jambo sikuwaambia wiki zote hizi, kwa sababu hata mimi sikuliona kuwa jambo. Mke wangu anapokea simu kwenye kliniki binafsi ya macho. Mwezi uliopita walimpandisha cheo, kwa kuleta wateja wengi wapya. Nilimnunulia viatu.

Na programu nilimfundisha mimi. Alipokuwa likizo ya uzazi, anachoka kukaa, nikamfundisha jioni mbili tatu kwa wiki. Kufungua orodha, kusoma majina, kuyapeleka mahali. Kufunga alikuwa anasahau. Nilikuwa nacheka.

Yule fundi cherehani aliniambia ni kliniki nyingine. Nilisikia kliniki. Nyumba yangu sikuisikia. Nafanya kazi hospitali ya macho, na kipofu wa kwanza pale nilikuwa mimi.

"Ulimpa wewe," nikamwambia kaka. Haikuwa swali.

Akainamisha kichwa.

"Mkeo alikuja hapa, Mama akiwa ameenda kanisani. Analia. Akaniambia umesahau nenosiri lako, umejifungia nje ya seva, na wakijua watakufukuza. Akasema unaona haya kuniomba, kwa sababu ya kile kiti. 'Mpe ufunguo wako, kaka, na usimwambie nilikuja, utamvunja.' Nikampa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilifurahi, Kitinda. Nilifikiri hatimaye kuna kitu umehitaji kwangu."

"Kwa nini hukusema? Nimekutukana hapa nusu saa!"

"Ningesema nini? Mke wako ni mwizi? Ungeniamini? Ulikuja na hukumu mkononi." Akanikazia macho. "Na nikisema, wale watoto nani atawaogesha?"

Geti likagongwa.

Mara tatu, kwa kiganja. Hawakujaribu kengele. Niliwaandikia kwamba haifanyi kazi.

Mama akaenda kufungua. Wakaingia askari wawili, mwanamume mrefu na mwanamke mwenye faili chini ya kwapa. Nyuma yao geti lilibaki wazi, na majirani walishaanza kusimama.

"Tunamtafuta mwenye akaunti hii," yule askari wa kike akasema, akaonyesha karatasi yangu. Wino mwekundu ulionekana toka mlangoni.

Kaka akasimama kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi."

"Kaka, subiri..."

Akanipita akaninong'oneza, haraka, bila kugeuka. "Nyamaza. Kawaogeshe wanao."

Kwenye skrini, mistari iliacha kuja. Aliyekuwa anafuta alikuwa amemaliza. Kijiprogramu hakipo tena, na kule kwenye seva faili la wanaoingia nalo limefutwa. Ushahidi wote uliobaki duniani kwamba si kaka ulikuwa mistari mitano ya mwisho, na ile namba, kwenye kompyuta yangu, mbele ya macho yangu.

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe, kutoka kwa Mama Pacha.

*Wameshamchukua?*

Nikaifunga kompyuta.

Naandika hivi kama ilivyokuwa. Sikufikiri. Mkono wangu ndio uliofunga, kifuniko kikalia *ta!*, na kaka akasikia, akafumba macho kama alivyoyafumba mwanzo.

Yule mrefu akamshika kaka mkono. Walikuwa wamefika mlangoni, mguu mmoja nje, yule askari wa kike aliposimama. Akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyetuletea karatasi hizi, siyo?"

"Ndiyo, afande."

"Mbona umeifunga kompyuta? Tulipoingia ulikuwa unatazama nini humo?"

Nikaweka kiganja juu ya kompyuta.

Mama akanijibia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kati ya televisheni zilizopasuliwa, shati la kaka bado mikononi.

"Muulize huyo, mwanangu," akamwambia askari, akinitazama mimi. "Huyu nimemzaa mwenyewe. Wengine sijui, lakini huyu kusema uongo hajui."

Askari akarudi ndani hatua moja. Akaniwekea mkono kwenye bega.

"Haya," akasema. "Fungua."